Stadi za Arlys Hovland

Arlys Hovland alipoingia dukani kwetu Jumanne ya mwanzo wa Novemba kuulizia vifaa vya kushikilia silinda hedi, alikuwa anajua nusu ya anachokitaka. Hilo lilikuwa kosa. Mtu anayeingia duka la vipuri la mji wa Halvor akiwa anajua hata nusu anawanyima kazi wazee wa meza ya kahawa, na wazee wale hawana kazi nyingine.

Meza yenyewe iko kando ya kaunta yangu. Gaylen Sorum hukaa upande wa dirisha, Duane Krogstad upande wa birika. Wamestaafu kulima, hawajastaafu kusema. Kila asubuhi, kuanzia saa moja, hutengeneza kila gari la wilaya hii kwa mdomo. Mimi huwamiminia kahawa. Nilisoma falsafa chuoni miaka minne, kwa hiyo nimezoea kuwasikiliza watu wakibishana juu ya kitu ambacho hawatakigusa.

Arlys ana miaka sitini na mmoja na mizinga ya nyuki tisini na sita. Kila Novemba huipanga kwenye trela, huifunika wavu, kisha huivuta kwa pikapu yake ya dizeli kuvuka milima hadi California, ambako nyuki hungojea maua ya milozi. Mwaka huu mwenye shamba alimwambia waziwazi kwamba akifika baada ya tarehe kumi na tano, nafasi yake atapewa mwingine. Mizinga ikibaki Halvor kipindi cha baridi, theluthi hufa mwaka ukiwa mzuri. Mwaka ukiwa mbaya, unabaki na masanduku.

Na pikapu ilikuwa inachemka. Kila ilipopanda kilima, maji ya rejeta yalitoa mapovu kama sufuria ya viazi.

"Hedi inanyanyuka," Arlys alisema, akivua glovu.

Hedi ni kifuniko kizito cha chuma kinachokaa juu ya silinda, na kati yake na bloku, yaani mwili wa injini, kuna gasketi, bamba jembamba la kuziba. Turbo inashindilia hewa ndani, dizeli inawaka kwa hasira zaidi, na hasira hiyo inatafuta pa kutokea. Bolti za kiwandani zinatosha kuzuia hasira ya kiwandani. Ila gari la Arlys lilikuwa na boksi la Wendell.

Wendell alikuwa mumewe. Mwaka juzi alifunga chini ya dashibodi kijisanduku chenye kitufe cha kuzungusha, namba moja hadi tano, cha kuidanganya injini ichome dizeli nyingi na kuilazimisha turbo kusukuma kupita kiasi. Faida yake kwa ufugaji wa nyuki haijagunduliwa hadi leo. Kazi yake hasa ilikuwa kuipita pikapu ya rafiki yake Gaylen kwenye barabara ya kanisani. Machi iliyopita moyo wa Wendell ulisimama akiwa anatoa theluji mlangoni. Kitufe kilibaki kwenye tano.

"Stadi, shemeji," Gaylen alisema kabla sijafungua katalogi. "Usibishane na mtu. Chukua stadi."

Stadi ni kijiti cha chuma chenye nyuzi za skrubu ncha zote mbili. Unakizungusha kwenye bloku, unaishusha hedi juu yake, unakaza kwa nati. Hakisokoteki wakati wa kukaza kama bolti, kwa hiyo kinabana kwa nguvu zaidi na kwa usawa.

"Mnampotezea mama wa watu muda," Duane akasema. "Arudishe bolti zilezile. Baba yangu alizirudisha mara tatu."

"Injini ya baba yako ilikuwa na farasi wangapi, Duane? Wawili, na mmoja kilema."

"Za zamani hapana," nilisema. "Zile hutengenezwa zivutike mara moja tu. Ukizirudisha—"

"Profesa amenena," Gaylen akadakia. "Andika, Duane. Kutakuwa na mtihani."

Arlys aliwaacha wacheke hadi wakamaliza, kama anavyongoja moshi uwatulize nyuki.

"Nikichukua bolti mpya za kiwandani," aliniuliza, "boksi inabidi litoke?"

"Litoke," nilisema. "Ukiliacha, mtu akiligusa tu kwenye mlima umerudi ulipoanzia."

Gaylen aliweka kikombe chini. "Boksi la Wendell? Shemeji, yule bwana alilala chini ya dashibodi Jumamosi nzima. Alijichana kidole."

"Najua, Gaylen. Nilimfunga kitambaa mimi."

Hapo Duane alijimiminia kahawa mwenyewe, jambo ambalo lingestahili kuandikwa gazetini. Katalogi ilikuwa wazi mbele yetu, bolti mstari wa juu, stadi mstari wa chini, karibu kabisa kama majirani. Hakuna safu iliyoeleza kwamba mmoja ulikuwa wa kumwacha Wendell nyumbani na mwingine wa kumbeba.

"Agiza stadi," Arlys alisema. "Na gasketi mbili."

"Inahitajika moja," Gaylen alimwelimisha.

"Mbili."

Siku tatu zilizofuata meza ya kahawa ilijadili ubora wa chuma cha stadi kwa kina ambacho maprofesa wangu hawakuwahi kukifikia. Waligusia madini, meli za kivita, na pampu ya maji aliyouziwa Duane zamani. Swali la zinakazwaje halikuulizwa na mtu.

Mzigo ulifika Ijumaa. Jumamosi asubuhi nilimpelekea Arlys mwenyewe, kwa kuwa gari lake lilikuwa limefunguliwa ndani ya banda la kukamulia asali. Gaylen alikuwepo tayari, na boksi la donati. Alikata kamba ya mzigo kwa kisu, akatoa stadi ishirini na sita zinazong'aa, kisha akaitupa karatasi ya maelekezo kwenye pipa la taka, na kitubu kidogo cha grisi kikaifuata.

"Karatasi hizi huandikwa na mawakili," alisema.

Alizipaka stadi mafuta ya injini kutoka kopo lake mwenyewe. Alizikaza ndani ya bloku kwa spana hadi zikalia. Walipokwisha kuishusha hedi, Arlys alimpa spana ya kupimia, ile inayogonga "tak" ukifika kwenye namba uliyoiweka. Kwenye nati za mwanzo aliitumia kwa heshima. Baadaye akaiweka kando.

"Inanichelewesha. Mkono huu umekaza matrekta miaka arobaini, shemeji. Ukisikia umeguna, hapo ni mia na ishirini na tano kamili."

"Unaoguna ni mkono au ni wewe?" Arlys aliuliza.

"Wote wawili, tunafanya kazi pamoja."

Saa sita mkewe alimpigia simu kwamba chakula kinapoa, akaondoka akiwa ameridhika, donati moja mdomoni. Arlys alisikiliza mpaka mlio wa gari la Gaylen ulipoishia barabarani. Kisha akainama kwenye pipa, akaitoa karatasi, akaipangusa sukari, akaisoma kwa sauti kama mtu anayesoma tangazo la kanisa.

"Stadi zizungushwe kwenye bloku kwa vidole tu. Namba za kukazia ni kwa grisi iliyoambatanishwa. Ukitumia mafuta ya injini, spana itasoma namba ileile, na hedi itakuwa imebanwa pungufu."

Akanitazama. Nilimtazama. Kisha akaanza kulegeza nati, moja baada ya nyingine, zote ishirini na sita.

"Gasketi ishabanwa lakini," nilisema. "Haifai tena."

"Ndiyo maana nilinunua mbili."

"Ulijuaje?"

"Niliishi na rafiki yake miaka thelathini na nne."

Mchana wote alifanya kazi polepole, nami nikimpokeza. Tuliinyanyua hedi, akafuta mafuta, akapaka grisi kwenye nyuzi, chini ya nati na juu ya washa, vile vipete vinavyokaa chini ya nati. Alizungusha kila stadi kwa vidole viwili, kwa upole unaowafaa malkia wa nyuki. Gasketi mpya ikaingia, hedi ikarudi juu yake. Akaanza kukaza kutoka katikati kwenda nje, kwa mpangilio wa karatasi, awamu tatu, kila awamu namba ikipanda. Tak. Tak. Banda lilinuka nta na dizeli. Mimi, niliyeachwa na mume aliye hai, nilijikuta nikimwonea wivu mjane, nikaona aibu, nikaendelea kumpokeza nati.

Alipokamilisha alipanda kwenye gari, akainama chini ya dashibodi. Nilidhani analitoa boksi. Alishika kitufe akakizungusha kutoka tano hadi moja, na kidole chake kikabaki pale muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji.

"Lisinisumbue mlimani," alisema.

Aliondoka Jumatatu, tarehe kumi na moja. Jumanne hakukuwa na habari. Jumatano tulisikia theluji imeanza kule milimani, na Gaylen alikunywa vikombe sita bila kumtukana mtu, ndipo nikajua kwamba naye ana hofu. Alhamisi asubuhi simu ya duka ililia.

"Nimeshusha mizinga yote jana jioni," Arlys alisema. "Milima yote miwili, maji hayakutoa hata povu."

Niliwaambia wazee. Gaylen akasimama, akaunyanyua mkono wa kulia juu ya meza ili Duane auone vizuri.

"Huu hapa! Miaka arobaini! Mwambie shemeji, huu hapa!"

"Nimemsikia," Arlys alisema sikioni mwangu. "Mwache."

"Unarudi lini?"

"Leo. Narudi na trela tupu. Kule Nevada kuna kipande cha tambarare, barabara imenyooka, hakuna mtu. Nitaliweka boksi kwenye tano. Dakika mbili tu."

"Stadi zitashika?"

"Ndicho nilichozinunulia."

Nilipoweka simu chini Gaylen alikuwa bado amesimama.

"Anasemaje?"

"Anasema asante," nilijibu, nikakijaza kikombe alichokuwa amekishika kwa mkono ule mashuhuri.