Dakika Kumi na Tano za Onchiri

Onchiri alikuwa mbeba ndizi sokoni Keumbu, mtu mkimya mwenye shingo nene. Mwaka wa 1996 aliangushwa kwa sekunde kumi na moja, katika ukumbi uliojaa watu mjini Kisii. Aliyemwangusha ni Ogeto, bingwa wa mapigano ya ngumi, mateke na mieleka kwa pamoja, mchezo ambao vijana walikuwa wameuona kwenye kanda za video. Kuanzia hapo sokoni wakamwita Kumi na Moja.

Jina angelivumilia. Kilichomchoma ni kwamba Mogire, mkufunzi wa Ogeto, alimwalika ulingoni akijua ametoka tu kuugua malaria. "Miguu imepata nguvu, ndugu yangu?" alimwuliza siku ile, kwa upole kabisa. Onchiri aliona haya kusema hapana.

Jagdish, mwenye duka la kanda mjini, alikuwa amerekodi mapigano yote ya Ogeto kwa kamera yake ya harusi. Onchiri akamwomba amwonyeshe. Walioangushwa walikuwa tisa: mmoja mkono umefungwa bendeji, mwingine mzee wa kuweza kumzaa Ogeto. Hakuna pambano lililotimiza dakika moja.

"Watu wanasema hana mfano," Jagdish alisema. "Pengine ni kweli. Lakini bwana, nani amewahi kumwona akichoka?"

Onchiri akaomba kanda yake irudishwe nyuma. Alijitazama akianguka mara sita.

Mwaka mzima alipanda mlima na mikungu miwili mabegani badala ya mmoja. Mkewe Eucabeth, Msabato wa kweli, alimsihi. "Msamehe, baba Bitutu. Kisasi ni cha Bwana."

"Bwana atachukua kitakachobaki."

Mogire alikubali marudiano haraka, akicheka. Yalifanyika Jumapili alasiri, Agosti 1997, raundi tatu za dakika tano tano. Ngumi ya kwanza ya Ogeto ilimpasua Onchiri nyusi. Hakuanguka. Alimkumbatia bingwa kiunoni, akamlalia kwa uzito wake wote, na dakika ya nne mdomo wa Ogeto ulikuwa wazi kama wa samaki.

Raundi ya pili Ogeto alipiga goti. "Mmalize!" ukumbi ulipiga kelele. Onchiri akarudi nyuma.

"Inuka," alisema.

Raundi ya tatu, wakiwa wameshikana, Ogeto alimnong'oneza, "Ndugu, nipige tu nilale."

"Hapana. Utasimama wakuone."

Kisha akampiga mbavuni, polepole, ngumi moja baada ya nyingine, akimtazama Mogire kwa jicho lililojaa damu. Mogire alikuwa na taulo mkononi, ishara ya kusalimu amri. Kulitupa ulingoni kungemwokoa kijana wake, lakini pia kungekuwa kukiri mbele ya mji mzima kwamba bingwa wake hakuwahi kujaribiwa. Aliling'ang'ania hadi kengele ya mwisho. Ogeto alishushwa ngazi na watu wawili, akilia kwa sauti.

Jioni Eucabeth alimwosha mumewe jeraha.

"Sasa umeshiba?" alimwuliza.

"Kwa Ogeto nimeshiba, hata nimepitiliza," Onchiri alisema. "Kwa Mogire, bado."

Eucabeth akakamua kitambaa, maji mekundu yakaingia kwenye karai.