Sare ya Saizi ya Kati

Watu wa mtaa ule walimwita Bibi Upindo, na jina hilo alilipata kwa haki. Hapakuwa na fundi cherehani mwingine aliyeacha upindo mpana kama wake chini ya sketi ya shule. Mzazi alipolalamika kwamba kitambaa kingi kinapotelea ndani, alimtazama juu ya miwani na kumwuliza kwa upole, "Kwani huyu mtoto umeambiwa hatakua?" Mzazi akacheka, na maneno yakaishia hapo.

Cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu ilikaa barazani, mkanda wake wa ngozi umeunganishwa na kuunganishwa tena. Kutoka pale barazani alizishonea shule tatu, akazijua kwa nguo zao kuliko kwa mabango yao. Mwaka ule ilimbidi azifikirie kuliko wakati mwingine wowote, kwa sababu mjukuu wake alikuwa amemaliza shule ya msingi na kufaulu vizuri, na milango yote mitatu ilikuwa wazi mbele yake.

Shule ya kwanza ilikuwa ya bweni, ya masista, juu kilimani nyuma ya ukuta wa mawe. Huko ndiko alikosoma yeye mwenyewe, na ndiko alikofundishwa kushona na Sista mmoja mzee, ambaye alikuwa akifumua kazi mbaya bila kusema neno, kisha akairudisha mapajani mwa aliyeishona. Huko hakupimwa mtu. Sista mlezi aliagiza sare za saizi tatu, ndogo, ya kati na kubwa, na siku ya kufika kila msichana alipewa ile aliyokadiriwa kwa macho. Kengele iliwaamsha, kengele ikawalaza. Walinyamaza mezani, walinyamaza njiani, na ni katika kunyamaza huko, kama alivyopenda kusema Bibi Upindo, ndipo aliposikia kwa mara ya kwanza akili yake mwenyewe ikitembea.

Ya pili ilikuwa ya serikali, ya kutwa, ng'ambo ya barabara. Mkuu wake wa shule alikuwa bwana mnene mwenye kicheko cha karibu, aliyewaambia wazazi, "Mimi nataka bluu tu. Bluu gani, hayo ni ya kwenu." Basi mstari wa asubuhi ulikuwa na bluu za kila namna, mbichi na zilizopauka, zimesimama bega kwa bega kama anga lisiloamua linyeshe au liache. Wanafunzi wa huko hawakumletea Bibi kitambaa kipya. Walimletea sketi za dada zao na suruali za kaka zao, zipunguzwe hapa, ziongezwe pale. Madarasa yalijaa hadi madirishani. Kamati ya wazazi ilikutana ikagombana, ikapaka rangi darasa moja, ikarudi kugombana.

Ya tatu ilikuwa ya binafsi, yenye geti la chuma na basi lake. Mwenye shule alikuwa mfanyabiashara nadhifu ambaye mara nyingine aliwaita wazazi "wateja wangu", kisha akajisahihisha. Huko kila mtoto alipimwa mabega, kifua na kiuno, na nguo ikamkaa kama amezaliwa nayo. Ila upindo ulikatazwa. Nembo ilibadilishwa kila mwaka, na sare ya mwaka jana haikupita getini.

"Bibi, unatushonea nguo za kurithishana?" mwenye shule alimtania siku moja. "Watoto wetu wakikua tunashona nyingine."

Walimu wake walifundisha vizuri, tena kwa bidii, huku wakitupa jicho mlangoni kuona ni nani anayepita.

Mjukuu aliishi kwa Bibi tangu udogoni, maana mama yake alikuwa nesi katika hospitali ya upande wa pili wa mji, na zamu zake hazikujua usiku wala sikukuu. Bibi Upindo alimtaka kwa masista. Alijua wazi kwamba mtoto akienda bweni, nyumba ile itabaki na mlio wa cherehani peke yake, na upweke huo aliouona ukija aliuchukua kuwa ndio ushahidi wake: hakuwa akijitakia mema yeye. Nesi naye alimtaka bintiye katika shule ya binafsi. Kila siku ya mapumziko yake walianza kubishana pale walipoachia.

"Mama, pale darasa moja lina watoto wachache. Mwalimu anamjua kila mmoja."

"Anamjua mtoto, au anamjua mzazi?"

"Mama!"

"Nimeuliza tu, mwanangu. Kuuliza nako ni ugomvi?"

Mjukuu alikuwa sakafuni akichambua vifungo, vyeupe kopo hili, vyeusi kopo lile. Wote wawili walimsifu kwamba ni mtoto mtulivu.

Agizo la masista lilipofika, Bibi Upindo alishona sare zote, kisha akashona moja ya ziada, ya saizi ya kati, bila kumwambia mtu. Aliiachia upindo mpana kuliko wowote aliowahi kuacha. Aliipiga pasi mpaka marinda yakasimama. Mwanamke huyu, aliyekuwa na futi ya kupimia shingoni tangu asubuhi mpaka jioni, hakukumbuka hata kidogo kuipitisha kwenye mabega ya mjukuu wake. Sare za masista hazipimwi. Ndivyo zilivyokuwa siku zote.

"Haya, mke mwenzangu," akamwita alasiri ile, "vaa tukuone."

Binti akaingia chumbani, akatoka amevaa. Alisimama wima, mikono ameibana ubavuni kama mtu aliyeficha mayai kwapani.

"Imekutosha?"

"Imenitosha, Bibi."

Nesi alikuwa ndiyo kwanza anaingia, mkoba bado begani. Alisimama mlangoni akaitazama ile sare kwa muda mrefu, naye Bibi akajiandaa kwa maneno makali. Hayakuja.

"Inua mikono, mwanangu," nesi akasema.

Binti akainua nusu. Mshono wa kwapani ukalia.

"Sasa mbona unasema imekutosha?" Bibi Upindo akashangaa.

"Anasema kama nilivyosema mimi," nesi akajibu, akakaa kitini na viatu vyake vya kazi. "Nilisimama hapo hapo, Mama, mwaka niliokwenda kwa masista. Ukaniuliza, nikasema imenitosha, kwa sababu ulikuwa umeshaipiga pasi. Nikavaa ya kati wakati mwili wangu ulikuwa wa kubwa. Nilikuwa siinui mkono darasani. Masista wakaandika kwamba mimi ni mpole."

"Na hukuniambia."

"Ungeniuliza mara ya pili, labda."

Bibi Upindo alivua miwani akaifuta kwa kipande cha kitambaa, ingawa haikuwa na vumbi. Neno lile lilimwingia, na alilikubali. Hata hivyo hakuwa mtu wa kuadhibiwa peke yake.

"Na wewe je? Huyu hapa umemwuliza?"

Nesi akainama kulegeza kamba za viatu vyake. Alikuwa amekwisha kumwahidi mwenye shule kwamba binti ataanza kwake.

Wakamgeukia mtoto wote wawili. Alikuwa bado na mikono nusu hewani.

"Shusha mikono, utachoka," Bibi akamwambia. "Kisha useme. Unataka shule gani?"

"Nikisema mtakasirika."

"Tutakasirika kwa adabu. Sema."

"Nataka hapo ng'ambo."

Nesi akaguna. "Hapo ng'ambo? Mwanangu, wanabanana mle kama viberiti."

"Najua, Mama. Nitabanana." Akamgeukia Bibi. "Siku ile Bibi aliponituma na sketi za kurekebishwa, nilisimama dirishani nikimsubiri mwenye mzigo. Mwalimu wa hesabu akakosea ubaoni. Msichana mmoja wa nyuma kabisa akanyoosha mkono, akasema, 'Mwalimu, hapo umekosea.' Mimi nikaogopa kwa niaba yake. Mwalimu akatazama, akafuta, akampigia makofi. Darasa zima likapiga. Nikasahau kabisa nimeletwa na sketi."

Bibi Upindo alijaribu kuileta sauti ile ndani ya ukuta wa mawe, ikakataa kuingia. Akaijaribu nyuma ya geti la chuma. Mwalimu wa huko, aliwaza, angefuta haraka kabla mwenye shule hajapita. Lakini aliona pia kile ambacho mjukuu wake hatakipata, ile asubuhi ya bwenini yenye ukimya kama maji ya mtungi, na moyo ukamuuma.

"Na kunyamaza," akasema, karibu kwa nafsi yake, "kunyamaza utajifunzia wapi?"

"Hapa, Bibi. Ukishona husemi."

Nesi akacheka kwanza, kicheko cha mtu aliyechoka, kisha akasema ataonana na yule mwenye shule, amweleze. Hakusema kwamba amefurahi. Alisema tu, "Tutaona muhula wa kwanza."

Binti alipoivua ile sare ya kati, Bibi Upindo aliikunja akaiweka juu ya mzigo wa masista. Kilimani kungekuwa na msichana ambaye ingemtosha kweli. Lakini safari hii, alijiambia, atakwenda na futi yake, amwombe Sista mlezi ruhusa ya kuwapima. Sista anaweza kukataa.

Kisha akaivua futi shingoni.

"Njoo hapa. Mbona umebana tumbo? Pumua. Mimi sishoni nguo ya mtu asiyepumua."

Binti akapumua.

"Sasa inua mkono. Juu zaidi. Kama unamwambia mwalimu amekosea."

Mkono ukapanda mpaka ukagusa kamba ya nguo. Nesi akasimama, akashika ncha ya pili ya futi kwenye kwapa la bintiye, bila kuombwa.

"Bluu gani, Mama?" akauliza.

Bibi Upindo aliinama kusoma namba, mdomo umejaa pini.

"Hayo," akasema kupitia pini, "ni ya kwetu."