Sahihi ya Dada

Lasmi alikuwa muuza tempe. Kila alfajiri alifunga mikate yake ya soya iliyochachuka kwenye majani ya mgomba, akaenda nayo sokoni Temanggung, na binti yake wa miaka saba, Wening, akabaki mikononi mwa Sutarni, dada yake mkubwa. Shule Sutarni, zahanati Sutarni. Lasmi hakuwa na wasiwasi. Hata yeye alilelewa na dada huyohuyo.

Wening alipumulia mdomo. Wenzake walimwita Samaki. Akijilaza mchana alikoroma kama mzee, pumzi ikakatika, akashtuka. Darasani alisinzia, akiitwa haitiki.

"Mafua tu," Sutarni alisema. "Na uvivu kidogo wa baba yake."

Basi kila mwalimu alipolalamika, Lasmi alimfinya mtoto masikio.

Siku moja Sutarni akiwa harusini Magelang, sikio la Wening lilianza kutoa usaha. Lasmi akampeleka zahanati mwenyewe. Daktari alifungua faili, akakunja uso.

"Wewe ni nani yake?"

"Mama yake."

"Mama yake alikuja mwaka juzi. Nilimwambia nyama za nyuma ya pua zimevimba, zimeziba hewa, na masikio yanajaa maji, ndiyo maana hasikii vizuri. Nikaandika akatolewe nyama hizo hospitalini. Akakataa, akasaini."

Akamgeuzia karatasi. Jina lilikuwa la Lasmi. Mwandiko ulikuwa wa Sutarni.

Jioni Sutarni alirudi na keki za harusi, angali kwenye batiki yake.

"Dada, ulisaini jina langu?"

Sutarni akaweka keki chini. "Kaka yetu Parno alikwenda kutolewa mafindofindo, akarudishwa amefunikwa shuka. Umesahau?"

"Sijasahau. Mbona hukuniambia?"

"Ungempeleka."

"Ningempeleka, ndiyo! Mwanangu huyu!"

"Na mimi nimembeba mgongoni tangu—"

"Miaka miwili, dada! Unaniangalia namfinya masikio, namwita mvivu, na wewe unajua hasikii. Umekaa hapo hapo unanioshea soya, kimya!"

Sutarni aliziacha keki pale chini, akatoka.

Siku ya upasuaji Lasmi hakuondoa macho kwenye mlango wa chumba tangu ulipofungwa, kwani sasa hofu ya kifo cha Parno ilikuwa imemwingia na yeye. Lakini Wening alitoka akilia, akitaka barafu. Wiki mbili baadaye, Lasmi akimwita kwa sauti yake ya siku zote, mtoto aliziba masikio: "Mama, mbona unapiga kelele? Nakusikia!" Lasmi akatoka uani, akalia peke yake.

Sutarni huleta uji mara kwa mara. Lasmi huupokea mlangoni, hushukuru, hurudisha bakuli limeoshwa. Wening huruhusiwa kwenda kucheza kwa mama mkubwa. Lakini shule na zahanati Lasmi humpeleka mwenyewe, na sokoni hufika wateja wameshanunua kwingine.

"Umeshamsamehe?" jirani alimuuliza.

"Uji wake nakula," Lasmi alijibu, akaendelea kufunga tempe.