Maiki Nyeusi ya Mama Mitambo

Muuzaji alikuwa ameshachoka naye, wala hakuficha. "Mama, maiki ni maiki. Unaongea, inasikika. Sasa wewe unatafuta nini hasa?"

Mama Mitambo aliifunika maiki kwa kiganja pale juu kwenye wavu, kama wafanyavyo wale wanaojiona wanamuziki wakubwa, akaisogeza kwenye spika. Spika ikapiga mluzi mpaka wateja wakaziba masikio. Akairudisha kaunta. "Hii hapana. Nipe nyingine."

"Dada, si tuchukue hii tu!" Mdogo wake alikuwa ameshika maiki yenye taa za kila rangi. Watu walimwita Chiriku, maana mdomo wake haujui likizo. "Ona inavyomeremeta! Ukumbi mzima utatushangaa."

"Hizo taa ndizo zitakazoimba?"

Msimcheke kwa ukaidi wake, jamani. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Majuzi tu dada hawa wawili walipeleka karaoke yao kwenye sherehe ya kumuaga muuguzi mmoja anayestaafu. Mama wa watu akasimama kuwaimbia wenzake, na katikati ya wimbo maiki ikakata. Midomo inacheza, sauti hakuna. Watu wakaangua kicheko, na yule mama akarudi kuketi huku anafuta machozi. Mama Mitambo alitamani ardhi ipasuke immeze.

Meneja wa ukumbi alikuwepo, akaona kila kitu. "Nawapa nafasi moja tu," aliwaambia. "Jumamosi alasiri kuna sherehe ya wafanyakazi wa kampuni. Mkiiweza, kila Jumamosi ni yenu. Mkiharibu tena, tusijuane."

Kila Jumamosi! Chiriku alikuwa ameshaacha kiti chake saluni kwa ajili ya karaoke hii. Mama Mitambo naye alikuwa ameacha kazi ya kupiga pasi kwa dobi, na dobi alishapata mtu mwingine. Wakikosa Jumamosi hizo, hakuna pa kurudi.

Ndiyo maana alichagua maiki kama anayemchagulia bintiye mume. Kila aliyopewa aliitikisa, akafungua na kufunga kifuniko cha betri, akaenda nayo hadi nyuma ya ukuta wa stoo huku anahesabu kwa sauti, asikie kama itakatika. Mwisho, zile zilizovumilia akazinong'oneza. Hilo ndilo lililommaliza kabisa muuzaji. Lakini nani huimba karaoke? Si waimbaji. Ni wahasibu na madereva na dada wa mapokezi, watu wanaoona haya, wanaoimbia kola za mashati yao. Maiki isiyosikia mnong'ono itawaumbua.

Akaijaribu moja nyeusi, ya kawaida tu. Mnong'ono wake ukatoka kwenye spika safi kabisa, hadi mteja aliyekuwa mlangoni akageuka. "Ndiyo hii," akasema.

"Haina hata rangi," Chiriku akanung'unika.

"Rangi ni wewe. Haya, beba tuondoke."

Jumamosi walifika ukumbini kabla hata viti havijapangwa. Mama Mitambo akagandisha nyaya sakafuni kwa utepe, akatia betri mpya, akaweka maiki ya waya pembeni kama akiba. Kisha akavaa hedifoni, akaketi nyuma ya mashine ya sauti.

Wa kwanza alikuwa msichana wa mapokezi, mwenye sauti ya mbu. Mama Mitambo akabana pumzi. Maiki ikaidaka ile sauti ndogo, ikaibeba mpaka meza za mwisho, na wenzake wakasimama kushangilia. Akaja dereva aliyezungusha maiki hewani, akaja mhasibu aliyeifunika kwa kiganja. Haikukata, haikupiga mluzi. Chiriku alikuwa anazunguka mezani, anatania huyu, anamburuta yule. Lakini meneja alisimama ukutani amekunja mikono, na pembeni yake mpwa wake, kijana aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Kila wimbo ukiisha wananong'onezana. Mama Mitambo akashindwa kuelewa uso wa meneja unasema nini.

Wageni wakataka meneja naye aimbe. Akakataa kidogo kwa heshima, kisha akaimba wimbo mzima nje ya mdundo, na watu wakampigia vigelegele. Akarudi ukutani kwa mpwa wake akiwa bado na maiki mkononi.

Mama Mitambo alikuwa na desturi yake: wimbo ukiisha tu, anashusha kitufe cha sauti ya maiki ili ukumbi usisikie, kwa sababu mtu mwenye maiki mkononi husahau akasema ovyo. Yeye hubaki anasikia kwenye hedifoni, ajue nani yuko tayari. Akashusha. Na sauti ya meneja ikamwingia masikioni, ya chini kabisa, kila neno mahali pake.

"Usiwe na wasiwasi, mpwa wangu. Jumamosi hizi ni zako tangu mwanzo. Hawa nimewaita leo kwa sababu vifaa vyako havijafika. Nitawapa ahsante, waende zao."

Damu ikamchemka. Kumbe walikuwa wanachezewa! Kidole kilikuwa palepale kwenye kitufe. Meneja alikuwa bado anaongea; akikisukuma juu kidogo tu, ukumbi wote utasikia, na mkurugenzi wa kampuni iliyokodi ukumbi ameketi meza ya mbele. Akakiondoa kidole, akavua hedifoni, akavuka ukumbi.

"Meneja, naomba maiki."

Meneja akampa huku anatabasamu. Mama Mitambo akaigeuza, akamwonyesha taa yake ndogo ya kijani. "Ilikuwa inawaka muda wote."

Tabasamu likamkauka. "Umesikia nini?"

"Mimi nimesikia yote. Ukumbi haujasikia." Akaitazama maiki iliyokuwa sasa mkononi mwake. "Bado."

Hakuwa amelipanga neno hilo. Lilimtoka lenyewe, na likamtisha yeye kabla ya kumtisha meneja, maana maishani mwake hakuwahi kumtishia mtu. Mpwa akavua miwani. Meneja akaangalia meza ya mkurugenzi, akaangalia ile mashine ya sauti, akajifuta jasho juu ya mdomo.

"Jumamosi ijayo," akasema taratibu, "mje mapema mpange vyombo vyenu."

Wageni walipoondoka Chiriku alikuja mbio, nusura ajikwae kwenye nyaya. "Dada! Meneja kaniambia mwenyewe! Kila Jumamosi! Na sisi tulivyokuwa tunakosa usingizi bure! Si nilikwambia? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kazi yetu imejiuza yenyewe!" Akamkumbatia kwa nguvu, analia na kucheka kwa pamoja.

Mama Mitambo alimpapasa mgongoni. "Ndiyo, mdogo wangu," akasema. "Imejiuza."

Kisha akainama kukunja nyaya, asije akaonekana uso. Kazi walikuwa wameifanya vizuri, kuliko siku zote, na hilo ndilo lililomuuma. Alitamani sana yale maneno ya Chiriku yangekuwa kweli.