Mfuko wa Koti la Marehemu

Zamani mtu alikupa neno lake ukaenda kulala, siku hizi anakupa karatasi yenye mihuri na bado unarudi kukagua mlango.

Fundi saa aliyawaza hayo ofisini kwa wakili, kwenye kiti cha plastiki kilichomuumiza kiuno. Rafiki yake, marehemu seremala, alikuwa ameiweka nyumba yake chini ya amana ya familia na kumfanya yeye mdhamini. Nyumba isiuzwe, kodi ya vyumba isomeshe wajukuu. Sasa kitindamimba wa marehemu alikuwa ameleta hati nyingine, eti baba yake aliitia sahihi mwaka wake wa mwisho: nyumba iwe ya kitindamimba, na dada yake apewe chumba cha mbele anachoshonea, kiwe chake, asilipe kodi tena.

Dada huyo mtaa mzima ulimwita Kufuli. Alikuwa fundi cherehani wa aina ambayo haizaliwi tena. Siku hizi mtu ananunua suruali iliyoshonewa kiuno cha mtu asiyemjua, kisha analalamika inambana. Kufuli alikupima mwenyewe, na futi ikishakunjwa, midomo nayo inafungwa. Alijua nani bega lake moja limeshuka, nani anajazia kifua pamba, na ni binti yupi aliyeomba gauni lipanuliwe kabla mama yake hajajua sababu. Wambea walimpelekea chai. Aliinywa, akarudisha kikombe, basi.

“Sahihi inafanana na zile za benki,” wakili alisema. “Mzee, wewe unaipinga kwa lipi?”

“Rafiki yangu angeniambia.”

“Hilo si ushahidi, mzee wangu.”

Kitindamimba akacheka kidogo. “Baba mdogo umechoka. Hata saa unazotengeneza siku hizi zinachelewa.”

“Zinachelewa kwa kuwa wenye nazo hawana pa kwenda.”

Wakili alikohoa kuficha kicheko. Kitindamimba akamgeukia dada yake. “Dada, chumba chako hicho hapo kwenye karatasi. Sema huna pingamizi, twende zetu nyumbani.”

Fundi saa alimtazama Kufuli na moyo ukamlegea. Macho ya yule mama yalikuwa yameanza kukataa tundu la sindano. Kwa miaka yote alilipia kile chumba kama mpangaji yeyote, maana baba yake hakutaka upendeleo. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza, na kunyamaza ndiyo kazi aliyoijua kuliko watu wote.

Kufuli akafungua mkoba, akatoa koti la kahawia.

“Vaa,” alimwambia mdogo wake.

“Dada, hapa ni ofisini kwa watu.”

“Vaa, mdogo wangu. Tia mkono wa kulia mfukoni.”

Akavaa, akatia. Mkono ukazama, ukapita kifundo, ukaendelea mpaka karibu na kiwiko. Akautazama kama vile umemezwa.

“Makoti yote ya baba niliyashona hivyo,” Kufuli alisema. “Ndani nimeweka kitambaa laini na kitanzi cha kushika kifundo, usichomoke. Mlipoambiwa ni presha, ilikuwa kiharusi. Mkono ule ulikufa. Kijiko nilishika mimi, vifungo nilifunga mimi, na kwa kushoto hakuweza kuandika hata jina. Hati hii ni ya mwaka mmoja baadaye. Aliniapisha nisimwambie mtu. Seremala hataki kuonewa huruma ya mkono. Leo nimemvua nguo baba yangu mbele za watu.”

Fundi saa akakumbuka drafti walizocheza barazani, rafiki yake akisukuma kete kwa kushoto na kusema mkono wa kulia umechoka kumfunga. Na yeye akacheka, mjinga mkubwa.

Kitindamimba bado alikuwa na mkono mfukoni.

“Nilikuja kumsalimu,” alisema taratibu. “Akanigeuzia bega. Nikatoa mkono, wake akauacha mfukoni. Nikajua ameshanikataa.”

“Hakukunyima mkono. Hakuwa nao.”

Kitindamimba akaisogeza ile hati kwa wakili kwa kidole kimoja.

“Iondoe. Sahihi si yake.”

“Ni ya nani?”

“Yangu.”

Watu wa leo wangemwona Kufuli mpumbavu, kutupa chumba kilichokuwa tayari kiganjani. Fundi saa alitoka pale akitamani kumsimulia mtu habari zake, akakosa hata mmoja ambaye angeelewa.

Mara ya mwisho kuwaona ndugu hao ilikuwa siku aliyohama kwenda kuishi kwa mwanawe. Alipita na begi lake mbele ya chumba cha mbele, ambacho Kufuli bado alikilipia kodi. Kitindamimba alisimama katikati mikono ameitandaza, amevaa koti la kahawia. Kufuli alikuwa amepiga magoti akifumua ule mfuko mrefu aurudishe saizi ya mtu mzima wa afya, kile kitambaa laini amekitupia begani.

“Dada, unanichoma.”

“Basi usitikisike.”

Kufuli alimwona fundi saa dirishani. Midomo ilikuwa imebana pini, hivyo akamwinamishia kichwa tu, akaendelea kufumua.