Siku Chatu Alipotunyang'anya Bomba

Mwaka huu nilirudi Bariadi kiangazi kikiwa kinaisha. Jumamosi asubuhi ikapita bajaji yenye kipaza sauti: wananchi wote mnatangaziwa, leo saa nne kamili, mkutano wa mtaa kuhusu taka na taa za barabarani, wote mnakaribishwa. Nikavaa, nikaenda. Nilikuta viti vya plastiki vimepangwa vizuri chini ya turubai, ila watu wa kuvikalia hawapo. Wachache tuliokuwepo, nusu yetu tuliinamia simu. Mwenyekiti akasema anayeafiki anyooshe mkono, mikono ikanyooka, tukagawiwa soda, mambo yakaisha. Nikiwa nakunywa soda yangu nikaanza kucheka peke yangu. Kijana aliyekaa karibu akaniuliza, "Mama, vipi?" Nikamwambia, "Mwanangu, mimi nimewahi kuona mkutano wa mtaa ambao mshindi alikuwa chatu." Akasogeza kiti chake mbali kidogo. Basi wewe, rafiki yangu, usisogee. Kaa nikusimulie.

Nililelewa na bibi mzaa mama, juu kwenye mwinuko pembezoni mwa mji. Bariadi ya wakati huo ilikuwa ndogo. Ukitoka Somanda, katikati ya mji, kwa miguu, hujachoka hata kidogo, umeshaingia kwenye ng'ombe wa watu. Na mwaka ulikuwa na kipande kimoja kitamu kuliko vyote: pale pamba imeshauzwa, mtama uko ghalani, na mvua bado haijakumbuka njia ya kuja. Upepo ulipeperusha vumbi mpaka kope zikawa nyeupe. Ndani bado kulikuwa na nyuzi za pamba zimenasa kila mahali, hata kwenye nywele zetu, maana wakati wa mavuno sisi watoto tulilala juu ya lundo la pamba likingoja mnunuzi, na sijapata godoro kama lile mpaka leo. Nyuma ya nyumba, juu ya mwamba, bibi alianika michembe, viazi vitamu vilivyokatwakatwa vikauke. Kazi yangu ilikuwa kuwafukuza kuku wasiidonoe. Kazi ya kuidonoa nilijipa mwenyewe.

Utamu huo ulikuwa na uchungu wake, nao ni maji. Miezi ile mto ulikuwa mchanga mtupu. Wanawake walishuka bondeni alfajiri, wakachimba mashimo mchangani, wakakaa kungoja maji yajikusanye, wakayachota kwa kata kidogo kidogo mpaka ndoo ijae. Kisha upande mwinuko na ndoo kichwani. Watu wa bondeni mashimo yalikuwa mlangoni kwao, sisi wa juu tulikuwa wavamizi. Tulisalimiana vizuri kabisa, "Mwangaluka mayu," "Mwangaluka," lakini kila mmoja alilinda shimo lake kwa jicho la pembeni.

Na bibi alikuwa na goti. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo alivyosema mwenyewe, "Mimi nina goti," kama mtu aliyepokea mgeni mkorofi asiyetaka kuondoka. Mwaka ule goti likavimba. Mjomba, mwanawe wa kiume, alikuwa akiishi Malampaka karibu na stesheni ya treni, ana mke, ana nyumba ya bati na bomba uani. Alipokuja kutusaidia pamba akaliona goti, akatoa neno lake. "Mama, huu ni mwaka wa mwisho. Maji yasipopanda huku juu, mvua zikianza nakuhamisha. Nyumba tutaifunga, na huyu mtoto atarudi kwa baba yake kule Mwamapalala." Hakuwa mtu mbaya, mjomba. Aliogopa kuletewa habari kwamba mama yake ameanguka mtoni. Bibi hakupiga kelele. Alisema tu kwamba jiko la mkwe ni zuri la kutembelea, si la kuzeekea. Mimi nililia mpaka nikapata kwikwi, maana kwa baba kulikuwa na mama mwingine nisiyemjua, na sikuwahi kuamka asubuhi hata moja bila sauti ya bibi.

Ndipo ikaja habari. Mtendaji wa mtaa alipita nyumba kwa nyumba na baiskeli yake: halmashauri imeleta mabomba, lakini mtaa wetu umepata moja tu. Litawekwa juu au bondeni, wananchi wataamua wenyewe, mkutano Jumamosi uwanjani. Bibi alifurahi kama ameshashinda. Sisi wa juu tulikuwa wengi kuliko wa bondeni, jambo hilo hata kuku walilijua.

Shida ilikuwa ya mwenyekiti. Akiita mkutano alikuwa anapata wazee wachache na mbwa wao. Safari hii alitaka watu wajae, mgeni wa halmashauri asije akamwona hana watu. Akawaza, akaamua kuita ngoma. Akaalika vikundi viwili: bugobogobo wa kwetu juu, wanaocheza na majembe, na bayeye wa bondeni, wanaocheza na nyoka. "Watu waje kwa ngoma, wabaki kwa maji," alisema. Lilikuwa wazo zuri, zuri kupita kiasi.

Nikueleze kitu kimoja kama hukuzaliwa kwetu. Ngoma za Wasukuma zinashindana, na hakuna jaji wa kukaa na kalamu. Vikundi viwili vinapiga kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na watu wanakwenda wanakopenda. Penye watu wengi ndipo penye ushindi. Mtoto wa kwetu analijua hilo kabla hajajua kuhesabu.

Jumamosi uwanja ulifurika. Kulikuwa na karanga za kuchemsha, miwa, maandazi yanayonuka vizuri mpaka unasahau salamu. Bibi alivaa kanga yake ya kanisani na rozari shingoni. Alikuwa Mkatoliki wa kweli kweli, na nyoka kwake alikuwa yule yule wa bustani ya Edeni. Akaniambia tangu njiani kwamba upande wa bayeye hatautazama hata kwa bahati mbaya.

Mtu wa maji kutoka halmashauri alikuwa kijana mgeni, shati jeupe amelichomekea, hajui ya kwetu. Akatueleza habari za mipira ya maji na tangi, tukapiga makofi. Kisha akasema, "Sasa tupige kura. Anayetaka bomba liwe juu, asimame kulia kwangu. Anayetaka liwe bondeni, asimame kushoto." Kulia walikuwa bugobogobo na majembe yao. Kushoto walikuwa bayeye na sanduku lao. Unaona mwenyewe tunakokwenda.

Watu walianza kujigawa vizuri tu, na upande wetu ulikuwa mnene. Lakini wacheza ngoma waliposikia watu wanaambiwa wachague upande, walielewa kile walichokielewa siku zote. Kulia majembe yakarushwa juu, ngoma zikalia. Kushoto manju wa bayeye, kiongozi na mwimbaji wao, akafungua sanduku, akamtoa chatu, akamvaa shingoni. We! Chatu mnene kama paja la mtu mzima, anameta kwenye jua la saa sita, anageuza kichwa taratibu kama anayetafuta mtu anayemfahamu.

Upande wetu ukaanza kuvuja. Walitangulia watoto, wakafuata vijana waliotumwa kuwarudisha watoto, wakafuata mama zao. Jirani yetu, aliyekuja na ndoo tupu kichwani makusudi ili serikali ione shida yetu, akavuka na ndoo yake. Mjomba, aliyekuja kutoka Malampaka kusikiliza mkutano, akasema anakwenda kuwaita. Hakurudi. Nikageuka nimshike bibi mkono, bibi hayupo. Nilimkuta mstari wa mbele kabisa, goti lake na rozari yake, mdomo wazi, anamtazama chatu anavyotoa ulimi.

"Bibi, turudi, wanahesabu!" Nikamvuta kanga.

"Ngoja kidogo, ng'wanawane," akasema bila kupepesa. "Namwangalia ili nijue namna ya kumkemea."

Yule kijana akahesabu kwa uaminifu, kichwa kimoja kimoja. Mjomba hakuwa hata mkazi wa pale, lakini siku hiyo nani aliuliza. Kijana akafuta jasho, ngoma zikanyamaza, akatangaza kwamba wananchi wameamua: bomba litawekwa bondeni.

Nilimwona bibi uso ukimbadilika. Aliangalia kulia, mahali alipopaswa kuwa, akawaona wacheza majembe wenyewe wamesimama peke yao wanahema. Akamwangalia mjomba, mjomba akaangalia chini. Nikajua Mwamapalala ndiyo hiyo. Nililia kwa sauti mbele ya mtaa mzima, wala sikuona haya.

Bibi akainua mkono. "Mwenyekiti, mimi sijapiga kura. Mimi nimeangalia nyoka."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Jirani wa ndoo akasema, "Na mimi nimeangalia nyoka." Mwingine akasema, "Hata mimi." Ikawa kama maungamo ya kabla ya Pasaka, kila mtu anatubu mbele ya mwenzake, mpaka ikafika kwa mjomba, naye akasema kwa sauti ya chini kuliko wote, "Na mimi."

Kijana wa maji alikuwa ameshachoka. Akasema hesabu imeshapatikana, na maji yakimwagika hayazoleki. Mama mmoja akamjibu kutoka nyuma, "Baba, maji yenyewe hatujayaona, yatamwagikaje?"

Macho yote yakamwendea manju wa bayeye. Yeye ndiye aliyeshinda, na upande wake ndio uliopewa bomba. Akigoma, basi, yamekwisha. Akamweka chatu wake vizuri begani, na mimi nikaacha kulia ili nisikie.

"Mimi nataka kitu kimoja," akasema. "Iandikwe kwamba leo ngoma tumeshinda sisi. Ikishaandikwa, huyu namrudisha sandukuni, mpige kura yenu ya maji."

"Iandikwe wapi?" kijana akauliza.

"Kwenye muhtasari wa mkutano, bwana. Si ndiyo karatasi ya serikali?"

Kijana akamtazama mwenyekiti, mwenyekiti akatazama mbingu, na ikaandikwa. Manju akadai asomewe kwanza. Akasomewa. Akamfungia chatu sandukuni, kisha akakaa juu ya kifuniko.

Tukasimama upya. Safari hii niliogopa kwelikweli, maana wengi wetu walishaondoka wakijua mambo yamekwisha, na pande zote mbili zilionekana sawasawa. Bibi alinishika mkono mpaka vidole vikaniuma. Ndipo wanawake wa bondeni wakaanza kunong'onezana. Mmoja wao, yule ambaye bibi alilivamia shimo lake kila alfajiri, akamkaza mtoto mgongoni, akavuka uwanja, akaja kusimama kwetu. Mume wake akamwita. Akajibu bila kugeuka, "Hawa wakipata lao huko juu wataniachia shimo langu. Nitalala mpaka jua litoke." Wenzake wakamfuata wakicheka. Hakuna aliyehubiri upendo wala ujirani. Walitaka usingizi wao tu, na mimi mpaka leo sijaona siasa safi kuliko ile.

Kijana alipotamka "juu", bibi hakupiga vigelegele. Alikaa chini pale pale vumbini, akanyoosha goti, akashusha pumzi ndefu ambayo nadhani aliibana tangu mavuno. Akamshukuru yule mama kwa Kisukuma, "Wabeja, wabeja gete," tena na tena. Nami nikagundua nina njaa ya kutisha, nikala karanga za kila aliyenipa. Sijui kama nimewahi tena kula kitu kitamu namna ile.

Bomba lilifungwa kabla mvua hazijakolea. Lilikohoa, likatoa upepo, likatema matope, halafu maji. Mjomba alikuwepo. Bibi alimnawisha mikono kwa maji ya ndoo ya kwanza, akamchinjia jogoo, akamsindikiza hadi kwenye basi na kiroba cha michembe. "Msalimie mkwe wangu," akamwambia. "Mwambie jiko lake nitalitembelea." Akalitembelea kweli miaka yote, na kila mara akarudi.

Uwanja ule sasa una maduka na kijiwe cha bodaboda. Bayeye bado wapo, nawaona kwenye sherehe za wakubwa, wamepangiwa muda wao jukwaani, wakimaliza wanapigiwa makofi na watu waliokaa. Hakuna anayehama upande. Kila nyumba ina bomba lake na mita yake, na sina hamu hata chembe ya kurudi kwenye mchanga wa mto. Anayesema zamani kulikuwa kuzuri tu, huyo hakubeba ndoo. Ninachokikosa ni ule umati. Watu wazima waliacha shida yao kubwa wakaenda kumtazama nyoka, kisha wakakumbuka, wakaona aibu, wakarudi kusimama mahali pao pamoja.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya pale. Alifia nyumbani kwake, kitandani kwake, asubuhi, uji ukiwa jikoni kwake mwenyewe. Nililia, lakini ndani ya kilio kile kulikuwa na faraja ambayo nilishindwa kuificha. Tulimzika uani. Mafundi walipotaka maji ya kuchanganyia saruji ya kaburi, mjomba, naye ameshazeeka, hakungoja kijana atumwe. Alichukua ndoo, akaenda kwenye bomba la mtaa, ambalo miaka hiyo lilikuwa bado linatoa, akalifungua, akasimama akiitazama ndoo inavyojaa. Nilikuwa nimemfuata, nikamsikia akisema peke yake, "Nilitaka kumhamisha, mimi." Kisha akajitwisha ndoo kichwani, akaja nayo. Haikuwa mbali.