Tuketi Nukta Kom

Baba mdogo tulimwita Nukta, na alikuwa anaitika. Zamani alikuwa fundi wa kuandika mabango, ya saluni, ya maduka ya dawa, ya gereji, kazi yoyote iliyokuja. Mashine za kuchapa mabango zilipoingia mjini, brashi zake zikakaukia kwenye kopo na yeye akahamia kwenye kompyuta. Lakini biashara ilikuwa ileile, majina. Alikuwa ananunua majina ya mtandao, yale unayoandika juu kabisa ya kioo ili ukurasa ufunguke, yanayoishia na nukta kom. Anayachukua kwa bei ya chini yakiwa hayana mwenyewe, anayalipia kila mwaka yasimponyoke, halafu anayaweka kwenye soko la mtandaoni na kungoja atokee mtu wa kuyataka.

"Ni kama kufuga kuku," aliniambia. "Ila hawa hawachafui ua."

Mama yangu alikuwa hamwelewi kabisa shemeji yake. "Unauza maneno? Si yapo bure mdomoni?"

"Shemeji, hata maji yapo bure mtoni, na bado unanunua ya chupa."

Mimi nilikuwa nakaa kwake kila nikikosa kazi, yaani mara nyingi. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, ukutani bado kuna herufi alizokuwa anajaribia rangi enzi zile, A kubwa nyekundu, halafu nusu ya neno KINYOZI. Kulikuwa na meza, kompyuta ambayo feni yake inakoroma kama mzee aliyeshiba, na viti viwili vya mbao. Kimoja chake. Cha pili hakuna aliyekikalia. Mimi nilikuwa nageuza ndoo nakalia hiyo.

Kile cha pili kilikuwa cha mama mdogo, mkewe.

Mama mdogo alikuwa na neno lake: tuketi. Wakianza kugombana na mumewe, anavuta kiti. "Tuketi." Mwenye nyumba akija na povu mdomoni, "Karibu baba, tuketi kwanza," na povu linakauka lenyewe. Nilipoacha shule, ukoo mzima ulinisimamia kichwani. Yeye peke yake ndiye aliyenishika mkono akasema, "Njoo mwanangu, tuketi." Hata hakuniuliza kwa nini. Alinimenyea chungwa. Watu walikuwa wanamtania kwamba hata mtoa roho akija ataambiwa akae kwanza.

Baba mdogo alipojifunza biashara ya majina, jina la kwanza kabisa kulinunua ni hilo. Tuketi nukta kom. Akampa mkewe zawadi.

"Wenzangu wanavishwa pete," mama mdogo akasema, "mimi nimepewa nukta."

Lakini alilipenda, acha tu. Akafungua ukurasa wake humo, picha ya vile viti viwili juu, na chini anaandika mambo yake madogo madogo. Jirani aliyeanua shuka zisizo zake akazilalia. Mume anayegombana na kompyuta halafu anaiomba msamaha. Watu wakawa wanaingia, wanasoma, wanaacha salamu. Figo zilipomchukua, salamu hazikukoma. Mdogo wake wa kike, anayeishi mbali, aliingia kila Jumapili na kuandika, "Dada, nimekuja kukaa kidogo."

Baba mdogo akawa analilipia lile jina kila mwaka kabla ya mengine yote. Kwenye akaunti yake ya sokoni lilikuwa orodha moja na majina ya biashara, ila mahali pa bei aliacha wazi. Waliomwandikia wakilitaka aliwajibu neno moja tu. Haliuzwi.

Sasa, lile soko. Mwanzo lilikuwa linakata kamisheni ndogo, unauza jina, wanamega kipande, maisha yanaendelea. Baadaye wakapandisha. Wakapandisha tena. Kila wakipandisha wanatuma barua pepe yenye maneno matamu, eti "kwa ajili ya kukuhudumia vizuri zaidi".

"Bandu bandu huisha gogo," alikuwa anasema Nukta. "Na gogo lenyewe ni mimi."

Ikaja barua ya mwisho. Kuanzia sasa, anayetaka kujadiliana bei na mteja atakatwa robo nzima. Anayekubali kuuza papo hapo, yaani mnunuzi analipa na kuondoka na jina bila mwenyewe kuulizwa chochote, atakatwa pungufu. Baba mdogo aliisoma amesimama, mikono kiunoni.

"Watu hawa wana akili ya panya," akasema. "Wanang'ata huku wanapuliza."

"Utafanyaje sasa?"

"Nitapandisha bei za majina yote, na nitaweka papo hapo. Kamisheni ailipe mnunuzi."

Akaketi. Alikuwa na majina mengi, kuyapitia moja moja ingemchukua mchana kutwa, na juu ya orodha kuna kijisanduku cha kuchagua zote. Akakibonyeza. Akaweka bei moja, akaweka papo hapo, akathibitisha. Akajinyoosha mpaka kiti kikalia. "Wamempata mjanja mwenzao," akasema, tukacheka wote wawili.

Wiki haikuisha. Asubuhi moja natengeneza chai nikasikia kompyuta imelia, ule mlio wa kuuza. Nikaja na vikombe. Alikuwa amefungua barua, na kama kawaida yake macho yalikwenda kwenye pesa kwanza.

"Wamekata tena. Hebu angalia, hii ndiyo nafuu yao? Hata mchinjaji humwachia mwenye ng'ombe ngozi. Nitawaandikia, wallahi nitawaandikia leo hii..."

Akasogeza uso mpaka karibu na kioo. Nikadhani anatafuta miwani, kumbe anayo usoni.

"Limeuzwa lipi?" nikamuuliza.

Akanigeuzia kioo. Niliinama nikasoma mwenyewe: tuketi nukta kom. Sikujua niviweke wapi vile vikombe.

Akavua miwani, akasema kwa sauti ya chini, "Hata kwake wamekata."

Aliwaandikia soko. Wakajibu kwamba mauzo ya papo hapo hayarudishwi, na kamisheni pia hairudishwi. Akamwandikia mnunuzi, atarudisha pesa yote na kuongeza. Ilikuwa kampuni ya kuuza viti vya ofisi. Walijibu kwa adabu. Walisema wanasikitika, walitafuta jina kwa muda mrefu, na hili walilipenda kwa sababu linasikika kama mtu anakuita.

"Wamesema kweli," baba mdogo akaniambia. Akaizima kompyuta, feni ikaacha kukoroma, na chumba kikawa kigeni.

Maneno ya mama mdogo yote baba mdogo alikuwa ameyahifadhi kwenye kompyuta, hayo hayakupotea. Nikamwambia basi tununue jina lingine, tuyapeleke huko. Akaniangalia kama nimemwambia aoe.

Jumapili simu yake ikaita, akiwa anaosha uso. Akaniambia niweke sauti ya juu. Ni yule mdogo wake mama mdogo.

"Shemeji, hamjambo? Samahani, naona simu yangu ina wazimu. Nimefungua kwa dada, naona viti tu. Viti na bei."

"Simu yako nzima, shemeji."

"Sasa dada yuko wapi?"

Taulo lilikuwa mkononi, maji yanamchuruzika kidevuni, hajifuti.

"Nimeliuza jina."

Nilisikia huko kwake mtoto anapiga sufuria.

"Shemeji, kama ulikuwa na shida si ungetuambia? Tungechanga."

"Sikuwa na shida," baba mdogo akasema. "Nilikuwa nakwepa kamisheni."